Mtetea wa Shombo

Kitagio cha mtego hakina siri kubwa. Ni sanduku la mbao linalomtosha kuku mmoja kuingia na kugeuka, chini limetandikwa maranda, na mlango wake ni ubao mwepesi unaoning'inia kwa misumari miwili. Kuku akiingia, mgongo wake unausukuma ubao, ndoano inafyatuka, ubao unashuka nyuma yake. Hatoki mpaka mtu aje kumfungulia, na mtu huyo akija anapata vitu viwili kwa mara moja: yai, na mwenyewe aliyelitaga. Bila sanduku hili mfugaji ana mayai tu. Hajui lipi la nani.

Huko Pongwe, kwenye barabara inayotoka jiji la Tanga kwenda Muheza, kuna afisa mifugo mstaafu ambaye banda lake lina safu nzima ya vitagio hivi. Watoto wa majirani wanaotumwa mayai humwamkia "Shikamoo bibi", naye huitika marahaba bila kuinua macho kwenye daftari. Kuku wengi hutaga asubuhi, saa chache baada ya mwanga, kwa hiyo tangu saa moja mpaka saa sita mchana yeye hana pa kwenda. Kila baada ya nusu saa anapita. Kwa joto la Tanga, kuku aliyesahauliwa ndani ya sanduku anaweza kufa, na hilo peke yake linatosha kuwakatisha tamaa wafugaji wengi wanaopenda wazo la kitagio cha mtego kuliko kazi yake.

Anamshika mtetea kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, anasoma namba kwenye pete ya plastiki mguuni, anamwachia. Kisha anachukua penseli laini na kuandika namba ile kwenye upande butu wa yai. Wino hautumii, maana ganda lina vitundu maelfu na kinachopakwa juu huweza kupenya. Chini ya namba, tarehe. Yai sasa lina jina la mama yake na siku yake ya kuzaliwa, na limewekwa kwenye trei kivulini.

Anachotafuta ni mayai bora, na bora kwake maana yake ni ganda linalostahimili safari ya bodaboda, ute ulioshikamana, uzito wa kuridhisha. Lakini hatafuti yai. Anatafuta ukoo utakaotoa yai hilo mwaka kesho na mwaka ule mwingine, hata yeye asipokuwepo asubuhi hiyo. Hapo ndipo ufugaji unapogeuka ufundi, kwa sababu sifa za yai hazirithiwi kwa nguvu moja.

Uzito ndio rahisi. Yai la kuku wa kienyeji huwa kama gramu 40, la kuku wa kisasa wa mayai kama 60, na tofauti iliyopo kati ya kuku na kuku katika kundi moja, karibu nusu yake ni ya urithi unaopita kwa watoto. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Ila lazima uwapime wenye umri mmoja, maana mtetea huanza na vijiyai vidogo na vinakua kadiri anavyozoea kutaga. Idadi ya mayai ni habari nyingine kabisa: hapo urithi una sauti ndogo, na chakula, mwanga, ugonjwa na joto ndivyo vinavyosema zaidi. Tena sifa hizi mbili zinavutana. Ukichagua uzito tu, kizazi baada ya kizazi, idadi inapungua, na ganda, ambalo kiasi chake hakiongezeki sana, linatandazwa juu ya yai kubwa zaidi na kuwa jembamba. Ndiyo maana yeye hawachagui kuku wenye mayai mazito kupita wote. Anachukua wale wa katikati ya juu, na wenye mayai makubwa mno anawauza.

Baada ya mizani zinakuja ndoo za chumvi, na hapa nilikaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Zimepangwa tano, chini ya mwembe. Ya kwanza ina kama gramu 110 za chumvi kwa kila lita ya maji, na kila inayofuata ina chumvi zaidi kidogo. Ndani ya kila moja ameshatumbukiza haidromita, kile kidude cha kioo kinachoelea, akaongeza chumvi au maji mpaka kikasoma anachotaka: 1.070, 1.075, 1.080, 1.085, 1.090. Bahari ya Tanga yenyewe ni kama 1.025, haifai kwa kazi hii, kwani kila yai jipya huzama humo. Kwa ujazo ule ule, ganda ndilo sehemu nzito kuliko zote za yai. Kwa hiyo yai lenye ganda nene huzama hata kwenye maji yenye chumvi nyingi, na lenye ganda jembamba huelea mapema. Ni njia ya zamani, imetumika duniani kote, na uzuri wake ni kwamba unajua unene wa ganda pasipo kulivunja.

Anaanza na ndoo dhaifu. Yai linazama, linagonga chini kwa sauti ndogo. Analitoa kwa kijiko cha waya, analikausha kwa kitambaa ili lisibebe maji ya ndoo moja hadi nyingine, analiingiza ya pili. Linazama. Ya tatu linasita, linasimama wima katikati ya maji, upande butu juu. Ya nne linaelea na kuonyesha duara la ganda kavu juu ya maji, kama ukubwa wa sarafu. Anaandika 1.085 kwenye daftari. Yai linalofuata anaanza upya kwenye ndoo ya kwanza, hata kama ameshajua mama yake ni nani na amezoea kutaga ganda gani. Mchana maji yanapopata joto anapima tena kwa haidromita, anarekebisha. Mayai ya jana hayagusi kabisa: yai likikaa linapoteza maji kupitia vitundu, chumba cha hewa kinapanuka, linakuwa jepesi, na ndoo itasema uongo kuhusu ganda lisilo na kosa.

Kuna uongo mwingine mkubwa zaidi, wa majira. Ganda hutengenezwa zaidi usiku. Yai hutumia kama saa 24 hadi 26 kupita mwilini mwa kuku, na kati ya hizo, 20 hivi liko kwenye mfuko wa ganda likivikwa chokaa. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, joto la pwani hii humfanya kuku aheme kwa mdomo wazi. Akihema anapoteza hewa ya ukaa nyingi kutoka kwenye damu, na hiyo ndiyo mwili wake unaitegemea ili kujenga ganda. Matokeo yake mayai ya kaskazi ni mepesi ganda, ya kusi ni mazito, kwa kuku yule yule. Mtu akimlinganisha mtetea aliyepimwa Februari na mwingine aliyepimwa Julai, atakuwa amechagua upepo, si kuku. Daftari la afisa mstaafu halina wastani wa mwaka. Kila kuku analinganishwa na wenzake waliotaga siku ile ile, na kinachoandikwa ni kama yuko juu yao au chini yao. Anawapa wote chokaa ile ile iliyosagwa punje punje, tena jioni, ili iwe tumboni usiku ambapo ganda linajengwa. Pongwe ni mahali pa mawe ya chokaa, mpaka kiwanda cha saruji kimejengwa hapo, kwa hiyo kuku wake hawakosi.

Ute unapimwa kwa kuvunja. Anachagua mayai machache kwa kila mtetea, anayapasua juu ya kipande cha kioo alichokilaza kwa pima maji ya fundi mwashi mpaka kiputo kikatulia katikati. Yai zuri halitambai. Kiini kinasimama, na kukizunguka kuna ute mzito ulioinuka, kisha pembezoni ute mwepesi. Anateremsha kile kijiti cha nyuma cha kalipa, kile cha kupimia kina, polepole mpaka kikagusa uso wa ute mzito, pembeni kidogo ya kiini, na kusoma milimita. Raymond Haugh, Mmarekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1937 namna ya kuunganisha kimo hicho na uzito wa yai ili mayai makubwa na madogo yalinganishwe kwa haki, na kipimo chake bado kinatumika katika maabara za mayai. Kimo cha ute kinarithiwa vizuri, na chakula hakikibadilishi sana. Mayai yaliyokwisha kuvunjwa yanakusanywa kwenye sufuria yenye kifuniko na kwenda kwa jirani anayeoka mkate wa mayai.

Kuhusu rangi ya kiini hana daftari. Wateja wa soko la Mgandini, jijini Tanga, huamini kiini cha njano kali ndicho cha kienyeji, na hulipa zaidi kwa ajili yake. Yeye huwapa kuku mchicha na mahindi ya njano, kiini kinakuwa cha njano ndani ya wiki chache, yamekwisha. Kuchagua kuku kwa kitu kinachotoka kwenye mchicha anaona ni kupoteza vizazi, nami nakubaliana naye. Wapo wafugaji wanaochinja mtetea mzuri kwa sababu kiini chake kimepauka.

Kabla ya sufuria kufunikwa, ananusa. Kila yai, moja moja, likiwa bado juu ya kioo.

Pwani hii kuku hula dagaa. Ndiyo protini ya karibu, na katika mchanganyiko wa pumba na mashudu ya nazi ndiyo inayonyanyua utagaji. Lakini kila mtu aliyekaa Tanga amewahi kupasua yai la kukaanga likatoa shombo. Lawama humwangukia dagaa, au muuzaji, au maji ya kunywa ya kuku. Afisa huyu aliona jambo ambalo daftari lilimlazimisha kuliona: dagaa ni wale wale, banda ni lile lile, lakini shombo inatoka kwa mtetea mmoja, na ni yeye kila siku. Wenzake wanaokula naye bakuli moja mayai yao hayanuki.

Sababu yake ilijulikana mwaka 2005, watafiti walipoipata kwenye jeni iitwayo FMO3. Vyakula kama samaki huzaa tumboni kemikali yenye harufu ya samaki, trimetilamini. Ini la kuku wa kawaida lina kimeng'enya kinachoibadilisha ikawa kitu kisichonuka. Kuku aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama hana uwezo huo wa kutosha, kemikali inabaki kwenye damu na kuingia kwenye kiini kinachokua. Hitilafu hii inajulikana hasa kwa kuku wa mayai ya kahawia, jamaa za Rhode Island Red, na damu ya Rhode Island Red imekwisha kuchanganyika na kuku wengi wanaoitwa chotara. Mpe kuku huyo chakula kisicho na samaki, yai lake halitanuka, na hutajua kamwe alichobeba. Aliyerithi nusu tu, kutoka upande mmoja, kwa kawaida hanuki hata akila dagaa.

Na jogoo hatagi.

Hili ndilo gumu la kazi yote, si kwa shombo peke yake. Nusu ya urithi wa kila binti inatoka kwa mnyama ambaye hana ganda la kupima wala ute wa kusoma. Katika kromosomu za jinsia hata zaidi ya nusu, kwa kuwa binti huipata ile kubwa, Z, kwa baba yake tu. Jambo hili liliwahi kuwaaibisha wataalamu. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Maine, Marekani, kuanzia 1898 walitumia vitagio vya mtego na kuchagua koo waliotaga mayai mengi kwa mwaka, na kuzalisha kutokana nao mwaka baada ya mwaka. Wastani wa banda haukupanda. Mtafiti Raymond Pearl alipozichambua takwimu hizo alionyesha kwamba hesabu ya mama mwenyewe haitoshi kutabiri watoto, na kwamba mzazi apimwe kwa kile watoto wake wanachofanya. Kwetu, watafiti J. Lwelamira, G. C. Kifaro na P. S. Gwakisa walichapisha mwaka 2009 kazi yao juu ya kuku wa Tanzania, Kuchi na wale wa umbo la wastani: uzito, mayai, unene wa ganda, kinga baada ya chanjo ya mdondo, na kiasi gani cha kila kimoja kinarithiwa. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kuku mmoja mmoja. Inafanyika kwa familia: jogoo huyu, koo hawa, mabinti wale.

Kwa hiyo jogoo anasomwa kupitia dada zake kwanza. Afisa mstaafu ana jogoo mmoja mrefu, mwenye damu ya Kuchi shingoni na miguuni. Kuchi ni kuku wa pwani hii tangu zamani, na uchunguzi wa urithi wa upande wa mama umemkuta karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Mayai ya dada za jogoo huyu yalikuwa yakizama mpaka ndoo ya nne kaskazi nzima, ya wenzao yakielea kwenye ya pili. Kwa ganda, hana mfano bandani. Ila mtetea wa shombo ni binti yake. Maana yake ni moja tu: jogoo amebeba angalau nusu ya hitilafu, na mama wa mtetea vilevile.

Jirani alimshauri achinje wote wawili, Idi ilikuwa karibu. Hakuchinja. Jogoo alibaki, lakini hakupewa tena koo wa ukoo ule. Akapewa koo waliokwisha kujaribiwa, ambao kwao hatazaa binti hata mmoja wa shombo, ingawa nusu ya wanawe au zaidi watabeba. Na mtetea wa shombo alihamishiwa kibanda chake, akapewa dagaa kwa uangalifu kuliko kuku yeyote pale. Yeye ndiye kipimo. Kila jogoo kijana mwenye ganda zuri kwa upande wa dada zake lazima apitie kwake.

Namna anavyofanya ni hii. Mtetea anakaa peke yake wiki tatu kamili, kwa sababu kuku huhifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki mbili na zaidi, na kifaranga cha baba wa zamani kingeharibu jaribio lote. Kisha jogoo kijana anaingizwa. Mayai ya siku za mwanzo hayatumiki. Yanayofuata yanaandikwa namba, yanakaa siku chache mahali pa baridi yakigeuzwa, na kuwekewa koo anayeatamia. Siku ya 21 yanaanguliwa. Vifaranga vinapewa pete, chanjo ya mdondo, kisha ni kungoja. Nusu yao hivi ni majogoo, hao hawahesabiwi. Mitetea huchukua miezi mitano au sita kufikia kutaga, wakila dagaa wakati wote, na mayai yao ya kwanza yananuswa juu ya kioo kile kile, mmoja baada ya mwingine.

Mama ametoa hitilafu kwa kila mtoto, hana kingine cha kutoa. Basi baba akiwa amebeba, kila binti ana nafasi sawa na kurusha shilingi ya kunuka. Akinuka mmoja tu, jaribio limekwisha siku hiyo. Wasiponuka, imani inapanda taratibu: mabinti watano wasio na shombo, nafasi ya kuwa wamemdanganya ni 1 kati ya 32. Sita, 1 kati ya 64. Hapendi kuishia watano. Mara ya kwanza mwewe alichukua vifaranga wawili na kumwachia mabinti wanne, akaanza upya, tangu zile wiki tatu za mtetea kukaa peke yake.

Jogoo kijana aliyefaulu hakubaki Pongwe. Banda likikaa na damu yake yenyewe, vifaranga vinadhoofika na mayai hayaanguliwi vizuri, kwa hiyo hubadilishana majogoo na mfugaji mwenzake wa Pangani. Alimweka kwenye tenga, akamkabidhi utingo wa basi la asubuhi, na kwenye tenga akafunga karatasi ndani ya mfuko wa nailoni: namba ya mama, ndoo walizozamia dada zake dhidi ya wenzao wa siku ile, kimo cha ute, uzito wa mayai, na mstari wa mwisho, mabinti sita, hakuna shombo. Mchana simu ikaita. Mwenzake wa Pangani alikuwa ameshampokea jogoo, na alitaka kujua mbona upanga wake mdogo. Akamjibu kwamba ana damu ya Kuchi, ndivyo walivyo, kisha akamwambia aitoe karatasi, wakaisoma pamoja kwenye simu kuanzia juu.